Tarehe ya Harusi Ifuate Daftari

Hotuba kwa wachumba na wazazi wao katika semina ya maandalizi ya ndoa, Mbeya mjini

Wazee wangu, shikamooni. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Mliotoka Rungwe na Kyela, mwaghonile. Mliotoka Iringa na Njombe, kamwene.

Nimeombwa niseme juu ya fedha mbele ya watu wanaojiandaa kuoana. Nimefanya kazi ya mikopo kwenye SACCOS, yaani chama cha ushirika wa akiba na mikopo, kwa miaka mingi, na kazi hiyo inaonyesha upande wa harusi ambao mshereheshaji hauoni. Mshereheshaji akishamaliza usiku ule, anakwenda zake. Sisi tunawapokea maharusi wiki inayofuata, hina bado mikononi, wamekuja kuulizia mkopo wa kumlipa mpishi na mwenye mapambo. Wanakaa mbele ya meza yangu bila kutazamana. Nawahurumia sana, kwa sababu ndani ya mazungumzo ya dakika kumi huwa najua kwamba hilo si deni lao la kwanza, na mara nyingi mmoja wao anasikia la mwenzake kwa mara ya kwanza palepale mezani kwangu.

Ombi langu kwenu ni moja: msitaje tarehe ya harusi kabla hamjaandika madeni yenu wote wawili kwenye daftari moja. Kwetu mambo yanakwenda kinyume. Barua ya posa ikijibiwa tu, mjomba anauliza, "Lini?" Mtu anasema Desemba. Ukumbi unalipiwa kianzio, kamati inaundwa, na kuanzia hapo kila shilingi inakimbizwa kuiwahi hiyo Desemba. Daftari huletwa mwisho, na nyumba nyingine haliletwi kabisa.

Sasa, deni ni nini? Nauliza kwa sababu nikimwambia kijana aniandikie madeni yake, huandika mkopo wa benki na kuweka kalamu chini. Nikimwuliza taratibu yanatoka mengine. Kuna la VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Kuna la simu, lile la elfu ishirini ishirini ambalo salio likiingia linakatwa lenyewe. Kuna la duka la Mangi. Kuna mbolea na dawa alizokopa kwenye duka la pembejeo kwa ahadi ya kulipa viazi vikivunwa Umalila. Kuna kodi ya miezi miwili. Kuna ada ya mdogo wake ambayo aliahidi mbele ya baba, na ahadi ya namna hiyo huku kwetu hailegei. Kuna kadi tatu za harusi za wenzake ambazo ameshasema "nitatoa". Yote hayo yaingie daftarini, hata yale yasiyo na riba, hata yale ambayo mdai amenyamaza.

Waliosoma vyuo vikuu, la Bodi ya Mikopo nalo ni deni. Mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 700,000, hapo 105,000 haifiki mkononi. Mwaka 2021 serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na huo ulikuwa unafuu mkubwa, lakini mkopo wenyewe uko palepale. Nimeona wachumba wamepanga maisha kwa mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira. Pangeni kwa ule unaoingia benki.

Namna ya kukaa ni hii. Tafuteni siku ambayo hamna haraka, mkae wawili tu. Kila deni liandikwe anayedai ni nani, limebaki kiasi gani, riba yake kwa mwezi ni ngapi, na mwisho wa kulipa ni lini. Ukisikia deni la mwenzako ambalo hukulijua, usimwulize siku hiyo, "Ulizifanyia nini?" Mwulize, "Riba yake kwa mwezi ni ngapi?" Swali la kwanza litamfunga mdomo na deni jingine lililofichwa hutaliona tena. Isipokuwa kama deni limetokana na kubeti. Hapo sitawadanganya: mtu anayekopa ili akacheze mkeka hana tatizo la bajeti, ana tatizo jingine, na hilo lisemwe kwa upole na kwa uwazi, pengine mbele ya mchungaji, shehe au mtu mzima mnayemwamini, kabla hamjaenda mbele hatua nyingine.

Tuchukue mfano, nao nimeutunga ili namba zionekane. Kijana ameajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, anapata 520,000 mkononi. Binti anauza mchele wa Kyela sokoni. Biashara haina mshahara, kwa hiyo wameangalia miezi yake mibaya wakaona faida haishuki chini ya 380,000, wakaiandika hiyo. Hapa wengi hukosea: wanaandika mwezi mzuri. Mwenye biashara, mkulima, mwendesha bodaboda, bajeti yako iandike kwa mwezi mbaya. Mwezi mzuri ukija, ziada yote iende kwenye deni.

Jumla ni 900,000. Kila mmoja bado anakaa kwake, kwa hiyo kodi za vyumba viwili ni 110,000. Chakula cha wote wawili 220,000. Nauli, umeme, maji na vocha 90,000. Fungu la kumi 90,000, maana ni watu wa kanisa na wamesema hilo halipunguzwi, nami sina neno. Wazazi kijijini pamoja na michango ya jamii 60,000, najua ni ndogo. Ugonjwa na dharura 30,000. Hiyo ni 600,000. Kinachobaki ni 300,000.

Madeni yao ni matatu. Binti amekopa 300,000 kwa wale wakopeshaji wa mtaani wanaoitwa kausha damu, riba asilimia 20 kwa mwezi. Kijana anadaiwa 600,000 na SACCOS, riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio linalobaki, na kila mwezi lazima apunguze 50,000 ya mkopo wenyewe. Kijana huyohuyo ana 150,000 ya rafiki yake, haina riba. Jumla 1,050,000.

Watu wengi wangeanza na la SACCOS kwa sababu ndilo kubwa na linatisha, au la rafiki kwa sababu linaleta aibu. Tazameni riba. Mwezi wa kwanza SACCOS inadai riba ya 9,000 kwa 600,000. Kausha damu anadai riba ya 60,000 kwa 300,000. Deni dogo ndilo linalokula nyumba. Kwa hiyo SACCOS apewe rejesho lake la lazima, 59,000, na 241,000 yote inayobaki impige kausha damu. Mwezi wa pili la kausha damu limeshuka hadi 119,000, pamoja na riba ni 142,800, na linakwisha. Kinachobaki baada ya rejesho la SACCOS, karibu 99,000, anapewa rafiki. Mwezi wa tatu rafiki anamaliziwa na ziada inaingia SACCOS. Mwezi wa nne SACCOS inafungwa na mkononi inabaki kama 37,000. Miezi minne, madeni matatu, na riba yote waliyolipa haifiki 113,000. Angekuwa binti analipa riba tu kwa kausha damu, kama wengi wanavyofanya, ndani ya miezi hiyohiyo minne angeshatoa 240,000 na bado anadaiwa 300,000 ileile.

Niruhusuni nikae hapo kidogo, kwa sababu mama zetu wa sokoni wanaumizwa hapo na hawasemi. Nyumba inavunjwa kwa marejesho ya kila wiki. Wanakuja kubeba makochi, wanabeba televisheni, majirani wanatazama. Kuna wanaochukua kadi ya benki ya mkopaji na namba ya siri, mshahara ukiingia wao ndio wa kwanza kwenye mashine. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji wasiopokea amana kwenye daraja la pili, chini ya Benki Kuu, na ukomo wa riba waliowekewa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa ile 300,000 ya binti wetu, hiyo ni 10,500, siyo 60,000. Mkopeshaji yeyote unayo haki ya kumwomba leseni, usome mkataba kabla hujatia sahihi, na uondoke na nakala. Kwenye simu nako ni hivyohivyo: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kama mtaji wa biashara ndio unaokupeleka huko, nendeni halmashauri mkaulize ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 vikundi vya wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Ina foleni na ina makaratasi. Bado ni nafuu kuliko kubebewa makochi.

Swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini ni hili: hatujaoana bado, je, nimlipie mwenzangu deni lake? Msimamo wangu uko wazi. Kila mtu alipe deni lake kwa mkono wake, risiti itoke kwa jina lake. Mwenzake amsaidie kwa kubeba matumizi mengine. Katika mfano wetu, binti anatoa 241,000 kutoka kwenye 380,000 yake, anabakiwa na 139,000. Kijana akishalipa rejesho lake la 59,000 anabakiwa na 461,000. Jumlisheni: ni ile 600,000 ya matumizi. Kwa hiyo miezi hiyo kijana ndiye anabeba chakula chote na sehemu kubwa ya mengine. Deni linakwisha, upendo umeonekana, na kama Mungu hakujalia uchumba ufike mwisho, hakuna anayemdai mwenzake kizimbani. Mabinti, nawasihi kama mzazi: usichukue mkopo kwa jina lako ili ukafute deni la mchumba. Vijana wa kiume, nanyi vilevile.

Madeni yakiisha, ile 300,000 iendelee kutoka kila mwezi kana kwamba bado mnadaiwa. Wengi hulegea hapo, wanapumua, wananunua simu. Mahali pa kuiweka ni muhimu. Isikae kwenye simu, maana pesa ya kwenye simu inaisha kwa vocha na chipsi. Fungueni akaunti inayotaka sahihi mbili, au mwekeze kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja kama ule wa Ukwasi wa UTT AMIS ambao unakuza pesa na mnaweza kuitoa ndani ya siku chache za kazi. Akiba ya SACCOS ni nzuri, ila mjue kwamba hisa hazichukuliki hovyo ukiwa bado mwanachama, na ile nafasi ya kukopa mara tatu ya akiba isiwe mtego wenu: mmejinyima mwaka mzima ili msikope, kisha mnakopa kwa sababu mmejinyima. Walio kwenye VICOBA waulize mgao ni mwezi gani. Kama kikundi kinagawana Desemba na harusi ni Septemba, hiyo pesa isihesabiwe.

Sasa ndipo tunataja tarehe, na mtaona kwamba daftari lenyewe linaitaja. Wachumba wetu walianza Februari. Mei wamemaliza madeni. Wakisema harusi ni mwisho wa Agosti mwaka huohuo, wana miezi mitatu ya kuweka, mfukoni wana kama 937,000 yao wenyewe. Wakisema Agosti ya mwaka unaofuata, wana miezi 15, na hiyo ni zaidi ya 4,500,000. Zote mbili ni harusi. Ya kwanza ni ibada na chakula cha mchana nyumbani kwa watu wa karibu. Ya pili inaweza kuwa na ukumbi. Waamue wenyewe wanataka ipi, ila wasitake ukumbi wa mwaka kesho kwa pesa ya mwaka huu.

Nimesema Agosti kwa makusudi. Wanaotuchangia huku Nyanda za Juu Kusini wengi ni wakulima, au ni watoto wa wakulima ambao pesa ya nyumbani ikikwama wao ndio wanapigiwa simu. Mpunga wa Kyela na Mbarali unavunwa katikati ya mwaka, kahawa ya Mbozi inachumwa kiangazi hicho hicho, mahindi yanakuwa yameshaingia ghalani. Juni na Julai baridi ya Uyole mnaijua wenyewe, wageni wa Dar wanatetemeka. Agosti na Septemba kumekauka na mifuko ina kitu. Oktoba na Novemba mtu yuleyule anawaza mbegu na mbolea, Desemba mvua iko juu ya maturubai na kumbi zote zinagombewa, Januari ni ada na sare za shule, na kuna makanisa ambayo hayafungishi ndoa Kwaresima. Kadi yako ya mchango ikimkuta mkulima Novemba, atakuahidi kwa moyo wote na hatakuwa na cha kutoa. Usimlaumu.

Hilo linanileta kwenye ahadi. Wazee wa kamati, hapa nawaomba mnivumilie. Ahadi siyo fedha. Mhazini awe na safu mbili, ya walioahidi na ya kilichoingia, na bajeti isomwe kutoka safu ya pili tu. Hakuna kianzio cha ukumbi, cha gari wala cha mpiga picha kinacholipwa kwa kutegemea safu ya kwanza. Kamati iseme mapema kwamba michango inafungwa wiki mbili kabla ya siku. Kilichopo siku hiyo ndicho kinachopikwa. Kama kimepungua, punguzeni msafara wa magari, punguzeni mapambo, msipunguze chakula, maana mgeni aliyechanga akilala njaa hatakuelewa. Na vikao vya kamati vifanyike nyumbani kwa mtu, kwa chai. Vikao vya kila Jumapili vya soda na nyama choma vinakula michango ambayo watu walitoa kwa ajili ya watoto.

Mkumbuke pia kwamba sherehe zenyewe siku hizi ni tatu: kitchen party, send-off, na harusi. Kila moja ina kamati yake, kadi zake na sare zake, na wanaochangishwa ni walewale. Sizipingi. Mama ana haki ya kumuaga binti yake kwa furaha. Ila kaeni familia mbili pamoja, mweke namba za sherehe zote tatu kwenye ukurasa mmoja, muone kama hamuwezi kuunganisha mbili au kuifanya moja iwe ya jikoni kwa kina mama wa karibu tu. Mara nyingi upande wa bwana haujui upande wa bibi umekopa kiasi gani kwa ajili ya send-off. Wanakuja kujua baadaye, binti anapoombwa na kwao asaidie kulipa.

Kuhusu mahari, nasema kwa heshima, kwa sababu wazee wako mbele yangu. Mila yetu ina ng'ombe, ina blanketi la bibi, ina mkaja wa mama, na hayo yana maana yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa iliyotimiza masharti mengine ya sheria haibatiliki kwa sababu mila ya mahari haikutimizwa. Siwaletei sheria hiyo ili vijana wawakimbie. Nawaletea ili tuone kwamba tuna nafasi ya kupokea kwa awamu. Wenyewe tunasema mahari haiishi. Basi isiishie yote kabla ya harusi. Kijana anayekwenda kukopa kwa asilimia 20 ili atimize ng'ombe wote ndani ya mwezi mmoja, deni hilo atakwenda kulilipa na binti yetu akiwa ndani ya nyumba hiyo. Ni binti yetu atakayekosa unga. Sheria hiyohiyo inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla ya ndoa. Ukumbi haikuutaja, keki haikuitaja.

Wachumba, mnaporudi kwenye daftari kila mwezi, chagueni siku moja isiyobadilika, tuseme Jumapili ya kwanza baada ya mshahara. Nusu saa inatosha. Someni kilichotarajiwa, someni kilichotokea, rekebisheni. Kuna mwezi mtashindwa: mama atalazwa, gunia la mchele litaloa, bodaboda itaharibika. Mwezi huo andikeni mlichoweza na msogeze tarehe. Kusogeza harusi miezi miwili kunaleta maneno ya mashangazi, hilo ni kweli, na maneno hayo yanauma. Kwa hiyo wazazi, mkisikia watoto wamesogeza, ninyi muwe wa kwanza kuwatetea kwa ndugu. Semeni, "Tumekubaliana nao," yatosha. Mtakuwa mmewasaidia kuliko mchango wowote.

Kuna karatasi kwenye meza pale nyuma, zimepigwa mistari minne: mdai, kiasi, riba kwa mwezi, mwisho wa kulipa. Kila wachumba wachukue moja na kalamu mbili. Naomba wazazi na wasimamizi tutoke wote tukanywe chai pale nje, tuwaachie vijana ukumbi kwa nusu saa. Karatasi hizo hatutazikusanya wala hakuna atakayezisoma isipokuwa ninyi wawili. Tukirudi nitapokea maswali, na mwenye mkataba wa mkopo alioshindwa kuuelewa aje nao, tutausoma pamoja mstari kwa mstari. Asanteni sana.